Kuchezesha Video Zilizopakuliwa katika Kompyuta ya Nyumbani

Kuchezesha video iliyopakuliwa ni kuifanya kompyuta ya nyumbani iisome faili iliyoteremshwa kutoka intaneti, au iliyonakiliwa kwa flashi kutoka kompyuta ya mtu mwingine, na kuigeuza iwe picha zitembeazo pamoja na sauti yake. Jambo hili, ambalo kwa dhahiri yake halitaki ila kubofya mara mbili, limewataabisha watumiaji tangu miaka ya 1990. Na aghalabu ya waliotaabika walidhani faili yao ni mbovu, ilhali faili ilikuwa salama salimini na kilichokosekana ni ufunguo wake tu, ufunguo ambao mara nyingi ulizuiliwa na mikataba ya biashara kuliko udhaifu wa mashine.

Sharti kwanza itambulike kwamba zile herufi chache zifuatazo nukta mwishoni mwa jina la faili, yaani kiendelezi, hazielezi yote yaliyomo. AVI, MP4, MKV na 3GP ni majina ya makasha. Na kama vile sanduku la arusi lipitalo njiani lisivyombainishia mtazamaji kama limebeba kanga au sahani, ndivyo na jina la kasha lisivyobainisha kanuni iliyotumika kuzifunga picha zilizo ndani. Kasha la AVI lilitolewa na Microsoft mwaka 1992. MP4 limejengwa juu ya kasha la QuickTime lililoasisiwa na Apple mwaka 1991. Na Matroska, ambalo faili zake huishia kwa MKV, lilianza mwishoni mwa 2002 bila ya kumdai mtu malipo. 3GP lilibuniwa kwa ajili ya simu za mkononi, nalo ndilo lililojaa katika memori kadi za Afrika ya Mashariki kabla simu janja hazijaenea, likiwa na vijipicha ambavyo vikitanuliwa katika skrini ya kompyuta hufifia, wala hapana programu iwezayo kuvirudishia uangavu ambao havikupata kuwa nao.

Ndani ya kasha mna mkondo wa picha na mkondo wa sauti, pengine na manukuu, na kila mkondo umebanwa kwa kanuni yake. Kubanwa huku si anasa. Picha moja yenye nukta 1,920 kwa 1,080, kila nukta ikichukua baiti 3, ina baiti 6,220,800. Na maadamu filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde, filamu ya saa mbili isiyobanwa ingedai zaidi ya gigabaiti 1,000, mzigo ambao diski nyingi za nyumbani hazina nafasi ya kuupokea. Kwa hiyo abanaye huhifadhi picha moja kamili kila baada ya muda, na kwa zile zilizo baina yake huandika mabadiliko tu, mathalan mkono ulioinuliwa au gari lililosogea, akiacha ukuta usiobadilika bila ya kuuandika upya. Ndiyo sababu faili iliyopatwa na dosari mahali pamoja huonyesha uso wa mchezaji ukimeguka vipande vya mraba, kisha ghafla yote hutengenea: imewadia picha kamili nyingine.

Kanuni hiyo ya kubana na kukunjua huitwa kodeki, na kompyuta isiyokuwa nayo huweza kulifungua kasha bila ya kuweza kuonyesha kilichomo. Hapo ndipo hutokea sauti bila picha, au picha bila sauti, kila moja ikishuhudia kwamba mkondo mmoja umefahamika na wa pili haukufahamika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mfaransa Jérôme Rota aliitwaa kodeki ya MPEG-4 ya Microsoft, akaiondolea kizuizi cha kutotiwa katika kasha la AVI, na kwa jina la DivX ikaenea ulimwenguni, hata filamu nzima ikaweza kuingia katika CD moja ya megabaiti 700. Ikafuata Xvid mwaka 2001, iliyo huru, kisha H.264 mwaka 2003, ambayo hata leo ndiyo ikubalikayo na mashine nyingi kupita zote. HEVC mwaka 2013. Na AV1 mwaka 2018.

Lakini kodeki nyingi kati ya hizo zina wenyewe, maana zimezungukwa na hataza, na mtengenezaji wa kompyuta au wa programu huchagua baina ya kulipa na kuziacha. Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, iliacha kuchezesha DVD kwa programu yake ya kawaida; na katika Windows 10 mwenye kompyuta aliyekutana na faili ya HEVC aliombwa anunue kijalizo dukani mwa Microsoft kwa senti 99 za Marekani. Mtu aliyekwisha kununua kompyuta kwa fedha nyingi akiombwa tena senti hizo, haikosi atastaajabu, na ana haki ya kustaajabu.

Njia iliyowaokoa walio wengi ilitoka Ufaransa. Mwaka 1996 wanafunzi wa École Centrale Paris walianza mradi wa kupitisha video katika mtandao wa chuo chao, na Februari 2001 programu yao ikatolewa kwa leseni huru ya GPL, nayo ndiyo VLC, yenye alama ya koni ya barabarani. Fadhila yake ni kwamba hubeba kodeki zake yenyewe, nyingi zikitokana na mradi wa FFmpeg ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, wala haihitaji kodeki za Windows ili kuzikunjua faili. Ulaya nako, Mkataba wa Hataza wa 1973 hauihesabu programu ya kompyuta, kwa nafsi yake, kuwa uvumbuzi wa kupewa hataza, na juu ya msingi huo mradi umeweza kuigawa bure.

Kinyume chake ni ile desturi ya kukusanya mafurushi ya kodeki na kuyatia yote katika Windows, ambayo katika miaka ya 2000 ilivuruga kompyuta nyingi, kwa kuwa kodeki hizo hushindana nani aifungue faili. Tena baya zaidi, waovu waliigeuza haja hiyo kuwa mtego: tovuti humwambia mtazamaji kwamba video haitaonekana mpaka aweke kodeki fulani, na hiyo kodeki huwa ni kirusi. Kadhalika faili iitwayo filamu.mp4.exe si filamu kabisa. Ni programu, nayo hujificha kwa sababu Windows, isipoamrishwa vinginevyo, huficha kiendelezi cha mwisho.

Zipo hali ambazo ubovu ni wa faili kweli. Faili yenye kiendelezi cha part au crdownload haijamaliza kuteremka. Katika MP4, fahirisi ya kueleza kila picha i wapi aghalabu huwekwa mwishoni, basi upakuaji ukikatika kabla ya hapo, hata asilimia 95 iliyofika haichezeki kwa njia ya kawaida. AVI iliyopotewa na fahirisi huwa na nafuu, kwani VLC huweza kuijenga upya. Na flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 hukataa faili ya kufikia gigabaiti 4 hata kama ina nafasi ya gigabaiti 20, jambo linalowachanganya wengi vibandani kwa wauza filamu wa Dar es Salaam na Nairobi. Dawa yake ni kuipanga flashi upya kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo, maana kuipanga huvifuta vyote.

Kompyuta kuukuu huweza kuifahamu HEVC na bado ikashindwa kuikimbiza: sauti huendelea, picha hukwama. Hapo huhitajika kuibana upya faili kuwa H.264 kwa programu kama HandBrake, kazi ya saa nyingi inayopunguza ubora kidogo. Ikiwa kilichokataliwa ni kasha tu, kama vile televisheni isiyopokea MKV, hapana haja ya adhabu hiyo. FFmpeg huhamisha mikondo ileile kwenda kasha la MP4 kwa dakika chache bila ya kugusa picha hata moja.

Manukuu mara nyingi huja katika faili ya pembeni yenye kiendelezi cha SRT, nayo huonekana yenyewe endapo ina jina lile lile la video na imo katika folda moja nayo. Yakitokea maandishi yasiyosomeka, hususan ya Kiarabu, hubadilishwa mpangilio wa herufi katika VLC kuwa UTF-8 au Windows-1256, kisha faili hufunguliwa upya.