Uingereza: Mti wa uani haukatwi bila kuuliza

Mti uliosimama karibu na nyumba huweza kuharibu jengo. Hata hivyo, huko England mwenye nyumba hana daima uhuru wa kuukata apendavyo.

Sheria ya mipango miji ya mwaka 1990 inaipa halmashauri mamlaka ya kutoa amri ya kuhifadhi mti, hata ukiwa ndani ya ua wa mtu. Anayetaka kuupogoa au kuuangusha hupeleka maombi, na halmashauri hutarajiwa kutoa uamuzi katika muda wa wiki 8. Anayeuangusha bila idhini huweza kushtakiwa na kutozwa faini isiyo na kikomo. Mti unaotishia kuanguka wakati wowote huruhusiwa kushughulikiwa mara moja, lakini ni busara kuupiga picha kwanza ili kuwa na ushahidi.

Matawi ya jirani yanayovuka mpaka yaweza kukatwa hadi kwenye mpaka tu, isipokuwa mti huo umelindwa; na matawi yaliyokatwa hubaki kuwa mali ya jirani.

Jijini London kuna tahadhari nyingine. Sehemu kubwa ya jiji imejengwa juu ya udongo wa mfinyanzi. Wakati wa ukame mizizi hunyonya maji, udongo ukanywea, msingi ukashuka na kuta zikapasuka. Lakini kuuondoa mti mkubwa kwaweza kuleta kinyume chake: udongo hurudiwa na maji, huvimba na kuuinua msingi. Kwa hiyo, kabla ya kushika msumeno, ni vyema kumwona mtaalamu wa majengo pamoja na halmashauri.