Kabla ya kununua TV, uliza picha itatoka wapi

Nimekuwa kimya kidogo, si mnajua tena mambo ya chuo, testi zinafuatana kama mabehewa ya treni. Leo nina historia, lakini msikimbie, hakuna Mkutano wa Berlin humu. Ni historia ya televisheni hapa kwetu, na nimeichimba kwa sababu nyumbani wamenipa kazi.

Kazi yenyewe hii hapa. Nyumbani Babati TV yetu imekufa. Lilikuwa chogo la inchi 21, limetutumikia miaka mingi. Siku moja umeme ulikatika, uliporudi ulirudi kwa kishindo, chogo likatoa moshi na king'amuzi kikafa hapo hapo. Sasa mbaazi zimeuzwa, na baada ya madeni zimebaki laki tano. Hizo laki tano zina wenyewe wawili: TV mpya, na mdogo wetu anayeanza kidato cha kwanza Januari, anatakiwa awe na godoro, sare na viatu. Baba ameona inchi 43 dukani kwa laki nne na themanini. Mama hataki hata kusikia. Akanipigia simu: "Mwanangu, wewe si unasoma historia ya dunia nzima? Hebu tusaidie na hii ya sebuleni."

Alikuwa anatania. Lakini mimi nilikaa nikafikiri, mbona swali la wazazi wangu limeshawahi kuulizwa na nchi nzima? Fedha ni kidogo, mahitaji ni mengi, tununue TV au tusinunue, na tukinunua ni ya nani?

Twende mwaka 1973. Mwaka huo huo mmoja, pande mbili za Muungano zilitoa majibu mawili tofauti kabisa.

Zanzibar ilianzisha TVZ. Na siyo ya nyeusi na nyeupe, ilikuwa ya rangi moja kwa moja! Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, lakini kwa rangi Visiwani waliwatangulia. Afrika Kusini, pamoja na migodi yake yote ya dhahabu, ilianza matangazo rasmi ya televisheni Januari 1976. Mfuko wa Visiwani wakati ule ulikuwa ni karafuu. Kwa hiyo mkulima wa karafuu Pemba na mkulima wa mbaazi Babati ni ndugu katika jambo hili: sebule inasubiri mavuno.

Tanzania Bara ilijibu: hapana, bado. Hoja ya serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa kwamba televisheni ni ghali, na ingefaidiwa na watu wachache wa mjini wakati wengi wako vijijini. Fedha iliyopo iende kwenye redio. Na wala siyo kwamba redio ilikaa inapiga muziki tu. Mwaka huo huo wa 1973 ikafanyika kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu walikaa kwenye vikundi, wanasikiliza kipindi cha redio pamoja, wanasoma kijitabu, wanajadili, kisha wanatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Walioshiriki walikuwa kama milioni 2. Mwaka 1975 ikaja "Chakula ni Uhai" kwa mtindo ule ule.

Wengi wetu tukisikia Bara ilichelewa TV hadi miaka ya tisini tunacheka, tunasema ni ushamba wa ujamaa. Mimi nilikuwa hivyo hivyo hadi nilipoangalia ramani. Unguja na Pemba ukizijumlisha hazifiki kilomita za mraba 3,000. Bara ni zaidi ya 900,000! Sasa mawimbi ya televisheni yana tabia moja: yanakwenda kwa mstari ulionyooka. Mlima ukikaa katikati, yanaishia hapo. Redio ya masafa mafupi inarushwa juu angani, inagonga tabaka la hewa na kurudi chini mamia ya kilomita mbele. Mtu aliyeko Babati, ana Mlima Kwaraa upande mmoja na kuta za Bonde la Ufa upande mwingine, redio inamfikia kwa betri tu. Ili TV imfikie unahitaji minara juu ya vilima, kila mnara na umeme wake, mitambo yake na fundi wake. Na hapo mwananchi mwenyewe hajanunua kioo wala hana umeme.

Kwa hiyo Visiwani na Bara hawakutofautiana kwa sababu mmoja alipenda maendeleo na mwingine hakupenda. Kila mmoja alipiga hesabu ya picha itamfikia nani. Kwa visiwa vidogo hesabu ilikubali. Kwa Bara ilikataa. Malawi nayo ilisubiri hadi 1999, kwa hiyo wala hatukuwa wa mwisho.

Lakini tusiwape Bara maksi zote. Kusubiri miaka 20 nako kuna gharama yake. Wenye uwezo hawakusubiri. Pale Dar es Salaam watu walipandisha antena ndefu kuelekea baharini wakawa wanainasa TVZ. Bajeti ya 1984 ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi, na baada ya 1985 tukawa na Mzee Ruksa. TV na deki za video zikaanza kuingia kabla hata Bara haijawa na kituo kimoja. Yaani katazo lililolenga usawa liliishia kumzuia maskini peke yake, tajiri anaangalia mikanda ya video sebuleni kwake. Hilo nalo ni somo.

Mwaka 1993 ikapitishwa Sheria ya Huduma za Utangazaji, mlango ukafunguka. Mwaka 1994 vikaanza vituo binafsi: ITV, DTV na CTN. Serikali yenyewe ikaja nyuma yao, Televisheni ya Taifa (TVT) ikazinduliwa mwaka 2000, na mwaka 2007 likaja Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC tunayoijua. Angalieni mpangilio huo: Bara TV binafsi ilitangulia ya serikali. Kwa jirani zetu wengi ilikuwa kinyume.

Babati ilikuwa bado ni mji mdogo wa Mkoa wa Arusha. Mwaka 2002 ndipo Mkoa wa Manyara ulipozaliwa na sisi tukawa makao makuu. Baba anaukumbuka mwaka huo kwa sababu nyingine kabisa: Senegal kuifunga Ufaransa 1-0 kwenye mechi ya ufunguzi ya Kombe la Dunia. Anasema waliangalia kwenye kibanda, watu wamebanana kama dagaa, kioo chenyewe inchi 14. Hakuna aliyeuliza inchi. Waliuliza kitu kimoja tu: kinaonyesha au ni chenga?

Naomba mlishike swali hilo la kibandani, kwa maana ndilo jibu la Mama.

Zama za chogo mambo yalikuwa rahisi. Ulinunua TV, ukatengeneza antena hata kwa bomba na sufuria, kama mnara uko karibu unaangalia bure. Gharama yote ilikuwa ndani ya boksi la TV. Halafu usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mwaka 2013 ikafuata miji mingine, ikiwemo Dodoma, Mwanza na Arusha. Mwenye antena tupu akabaki na chenga. TV haikuharibika, ilikuwa nzima kabisa, lakini lugha ya mawimbi ilibadilika na yenyewe haikuijua. Hapo neno king'amuzi likaingia kila nyumba. Desemba 2013 ikaja Azam TV, na madishi madogo yakaanza kuota juu ya mabati kama uyoga.

Toka hapo gharama ikahama. Zamani ulilipa kioo, picha bure. Leo kioo kimeshuka bei sana, lakini picha inalipiwa mwezi hadi mwezi. Kinachoamua utaona nini siyo kioo tena. Mfano, mwaka 2018 chaneli kadhaa za nyumbani ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya satelaiti vya kulipia kwa sababu ya masharti ya leseni. Watu wenye TV kubwa za bei mbaya waliamka asubuhi taarifa ya habari waliyoizoea haipo! Mfano wa pili, mwaka 2021 TFF na Azam walisaini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Baba anataka inchi 43 kwa ajili ya Simba na Yanga. Sasa Simba na Yanga hawamo ndani ya inchi, wamo ndani ya kifurushi!

Kwa hiyo nikampigia Mama hesabu kwa mpangilio ambao historia imenifundisha: kwanza matangazo, pili umeme, kioo mwisho.

Matangazo. King'amuzi kipya, dishi na fundi wa kufunga, elfu themanini. Wauzaji wanasema "hii ina king'amuzi ndani" na ni kweli zipo, ila muulize king'amuzi gani. Kipo cha antena na kipo cha dishi, na vyote viwili vinakupa chaneli zilizo wazi tu. Zilizofungwa bado zinataka kadi ya kampuni husika. Na smati TV ni nzuri kama una intaneti ya nyumbani. Kwa bando la simu utaangalia YouTube siku mbili, ya tatu unarudi kwenye redio, teh teh.

Umeme. Kinga ya umeme elfu thelathini. Chogo halikufa kwa uzee, lilikufa kwa kukosa kitu hicho. Na kuna habari njema hapa: inchi 32 za LED zinakula kama wati 50. Ukiangalia saa 5 kwa siku ni uniti 7 na nusu kwa mwezi. Chogo la wati 80 kwa saa hizo hizo lilikuwa linakula uniti 12. Kwa nyumba inayojibana isivuke uniti 75 kwa mwezi, hizo nne na nusu siyo za kudharau.

Kioo. Kumbukeni inchi zinapimwa kona hadi kona. Inchi 32 ni sentimita 81, na sebule yetu kutoka kochi hadi ukutani ni mita mbili na nusu. Inatosha, na babu akija na macho yake ataona namba za jezi. Hayo maneno ya 4K kwenye boksi ni mazuri, lakini kioo hakiwezi kuonyesha kisicholetwa, na king'amuzi cha bei ya chini hakileti 4K. Inchi 32 hapo hapo Babati ni laki mbili na sabini. Arusha inaweza kupungua kidogo, ila kuna nauli, kuna kilomita zaidi ya 160 za kioo kwenye basi, na warantii inabaki Arusha. Nunua unapoweza kurudisha kwa miguu, wakuwashie uione, wakupe risiti.

Jumla laki tatu na themanini. Inabaki laki moja na ishirini ya godoro, sare na viatu.

Baba hakufurahi. Akasema mavuno ya mwakani yatalipia shule, sasa hivi tununue kitu cha maana. Nikamjibu kwa adabu, "Shikamoo Baba, unakumbuka 2017?" Akanyamaza. Wa Babati wote tunaikumbuka. Agosti 2017 India iliwekea mipaka mbaazi zinazoingia kwake, na huku kwetu bei ikaanguka hadi watu wengine wakaziacha shambani. Vizuizi viliondolewa Mei 2021. Miaka minne hiyo! Mtu anayetegemea zao ambalo bei yake inaamuliwa New Delhi hawezi kumkopesha mtoto ada ya mavuno ambayo hayajaota.

Ndiyo maana mimi siku hizi Nyerere wa 1973 simcheki tena, na Wazanzibari wa 1973 siwaonei wivu. Wote walianza na swali la picha itatoka wapi na itamfikia nani, ndipo wakaenda kwenye kioo. Bara wakakosea kusubiri kupita kiasi. Nyumbani hatutasubiri, tunanunua, ila tunanunua kwa mpangilio huo.

Haya wadau, kama nawe umetumwa TV na watu wa nyumbani, usianzie kwenye inchi. Ngoja niwahi maktaba kabla viti havijajaa. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda!