Shinikizo la Damu na Akili ya Mtawala: Roosevelt Katika Mkutano wa Yalta

Historia ya mataifa husimuliwa kwa vita, mikataba na hotuba; ni nadra kusimuliwa kwa mishipa ya damu. Walakini, Februari 1945, Franklin Delano Roosevelt, Rais wa Marekani, alipoketi na Churchill na Stalin mjini Yalta kuamua hali ya dunia baada ya vita, mwili wake ulikwisha kuliwa na maradhi ya miaka mingi. Miezi miwili baadaye alifariki. Tangu hapo limezuka swali lisilozimika: je, aliyejadiliana na Stalin alikuwa na akili timamu, au akili iliyodhoofishwa na shinikizo la damu?

Mwendo wa maradhi hayo wajulikana vema, kwa kuwa Dakta Howard Bruenn, bingwa wa moyo aliyemwuguza, alitangaza habari zake mwaka 1970. Mwaka 1935 shinikizo la damu la Roosevelt lilikuwa 136 kwa 78. Mwaka 1937 lilifika 162 kwa 98, na Februari 1941 likawa 188 kwa 105. Bruenn alipompima mara ya kwanza, Machi 1944, alikuta 186 kwa 108, pamoja na moyo uliotanuka na kuelemewa na kazi yake. Novemba mwaka huo kipimo kimoja kilipanda hata 260 kwa 150.

Dawa ya kufaa ya kulishusha haikuwako. Bruenn alimpa dijitalisi ya kuutia moyo nguvu, akampunguzia chumvi, sigara na saa za kazi. Wala matabibu wa zama zile hawakuafikiana kuwa shinikizo ni adui. Mwaka 1931 Paul Dudley White, mmoja wa mabingwa wakubwa wa moyo wa Marekani, aliandika kuwa yamkini ni njia ya mwili kujisaidia, isiyofaa kuchezewa.

Elimu ya leo yasema vingine. Ubongo ni kiungo kidogo chenye haja kubwa ya damu. Shinikizo likizidi kwa miaka, kuta za mishipa hunenepa na kukakamaa, na vishipa vyembamba vilivyo ndani kabisa ya ubongo huziba kimoja kimoja. Nyuzi ziunganishazo sehemu na sehemu hukosa lishe. Mgonjwa hasikii maumivu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi kinachotangulia kupungua ni wepesi wa kufikiri, uangalifu na uwezo wa kupanga mambo mengi kwa pamoja, ilhali ufasaha wa maneno huweza kudumu. Huko Framingham, Marekani, ambako uchunguzi wa watu 5,209 ulianza mwaka 1948, ilitangazwa mwaka 1993 kuwa wale waliokaa na shinikizo kubwa bila matibabu walishinda kwa uchache katika mitihani ya kumbukumbu na uangalifu waliyopewa zaidi ya miaka 10 baadaye.

Kuhusu Yalta kuna mashahidi wawili, wote matabibu. Lord Moran, tabibu wa Churchill, alieleza katika kitabu cha mwaka 1966 kuwa alimwona Roosevelt ana dalili zote za kukakamaa kwa mishipa ya ubongo, akamkadiria miezi michache ya kuishi. Lakini Moran alimtazama tu, hakumpima. Bruenn, aliyempima kila siku, alishuhudia kuwa fikira zake zilikuwa safi. Hata hivyo ni Bruenn huyo huyo aliyeandika kuwa tarehe 8 Februari, baada ya mabishano makali juu ya Poland, Rais alitoka uso umepauka, na mapigo ya damu yakipishana, moja la nguvu na moja dhaifu.

Ushahidi wa wawili hawa haupingani kama udhaniwavyo. Mtu aweza kujibu sawasawa asubuhi na kuishiwa jioni. Aweza kukumbuka jambo asiwe na nguvu ya kulipigania. Lakini hesabu ya kipimo si hukumu ya akili. Tena jeshi la Urusi lilikuwa limekwisha kuingia Warsaw tangu tarehe 17 Januari, na hakuna afya ya mtu mmoja ambayo ingaliliondoa kwa maneno. Anayeutupia mshipa lawama yote ya Poland amesahau mizinga.

Lawama iliyo wazi iko penginepo. Mwaka 1944 Wamarekani walimchagua Roosevelt mara ya nne huku tabibu wake mkuu, Ross McIntire, akiwahakikishia kuwa ni mzima. Tarehe 12 Aprili 1945, huko Warm Springs, akichorwa picha, alilalamika maumivu ya kisogo, akazimia. Shinikizo lilipita 300 kwa 190. Mshipa wa ubongo ulikuwa umepasuka. Harry Truman alirithi vita, naye hakuelezwa kwa ukamilifu habari za bomu la atomu hadi tarehe 25 Aprili.

Maradhi hayo hayakuwa na dawa, lakini siri ilikuwa na dawa yake, nayo ni kusema. Leo shinikizo hupimwa kwa dakika chache na hushushwa kwa vidonge. Kilichosalia kigumu ni kile kile cha mwaka 1944: mwenye mamlaka kukubali kupimwa, na walio karibu naye kuthubutu kuitamka hesabu waliyoiona.