Chakula cha vibarua wa Naples

Mama, unaona aibu kumwekea mgeni maharage? Twende Naples, mji wa bandari kusini mwa Italia. Mwaka 1952 mtafiti Mmarekani, Ancel Keys, alifika pale akaona jambo: ugonjwa wa moyo ulikuwa nadra kwa vibarua, ila wenye pesa uliwapata. Vibarua walikula tambi na maharage, mboga, mafuta ya zeituni. Nyama mara moja moja. Wenye pesa ndio waliokula nyama kwa wingi.

Leo watalii wanalipia tambi na maharage hayo hayo mgahawani! Na mwaka 2010 UNESCO iliutambua ulaji wa Mediterania kuwa urithi wa utamaduni.

Wodini nawahudumia wengi wenye presha na kisukari. Jamani, Jumapili mkitoka na watoto, si lazima chipsi. Maharage yana heshima yake.