Wanawake wa vita vya Vanga na Jasin: Pengo katika riwaya ya kihistoria

Riwaya ya kihistoria huanzia mara nyingi kwenye daftari. Mwandishi hupata jina, tarehe na mahali, kisha hubuni yaliyobaki. Kikosi cha 6888 cha jeshi la Marekani, kilichokuwa na wanawake Weusi wapatao 855, kilipelekwa Uingereza mwaka 1945 kupanga barua za wanajeshi zilizokuwa zimerundikana maghalani. Habari zake zimezaa riwaya ya Kaia Alderson, Sisters in Arms (2021), na filamu ya Tyler Perry (2024). Wanawake hao walikuwa na sare, namba na mishahara, na kamanda wao, Charity Adams, aliandika kumbukumbu zake mwenyewe.

Kwale nako vita vilifika, tena mapema, lakini wanawake wake hawakuandikwa popote.

Oktoba 1914, majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka na kupambana na Waingereza huko Gazi, kati ya Diani na Msambweni. Januari 1915 mapigano makali yalizuka Jasin, ng'ambo kidogo ya mpaka kutoka Vanga. Kikosi cha Waingereza kilichokuwa humo kilisalimu amri tarehe 19, na wenzao wakaondoka katika bonde la mto Umba. Januari 1916, Arthur Wavell, aliyeongoza askari Waarabu wa pwani, aliuawa Mwele.

Katika jeshi la Wajerumani, askari Waafrika walisafiri na wake na watoto wao. Wanawake hao walitwanga nafaka, wakapika, wakateka maji, wakakata kuni na kubeba mizigo. Maofisa waliwahesabu kuwa wafuasi tu wa kambi, ilhali bila wao askari asingepata chakula jioni. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 1918, mamia ya wanawake walikuwa bado katika msafara wake. Upande wa Waingereza wanaume walichukuliwa kwa wingi kuwa wapagazi, na mashamba yakaachiwa wanawake.

Riwaya mbili zimekaribia habari hizi. The Book of Secrets (1994) ya M. G. Vassanji imejengwa juu ya shajara ya afisa Mwingereza katika mji wa kubuni wa mpakani, na fumbo lake kubwa ni mwanamke aitwaye Mariamu. Afterlives (2020) ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021, inamfuata Hamza hadi vitani, huku Afiya akibaki katika mji wa pwani. Zote ni kazi za kuheshimiwa, lakini mhusika mkuu wa kike katika kila moja hakai kambini.

Mwandishi atakayejaribu kuziba pengo hilo ana mali ghafi ya kutosha. Wadigo wanaishi pande zote mbili za mpaka, Kwale na Tanga, na zamani urithi wao ulifuata upande wa mama, mali ya mjomba ikienda kwa mpwa. Mpaka uliogeuka uwanja wa vita ulizitenga koo zilizohesabiana kwa wanawake. Jambo hilo pekee linatosha kitabu kizima.

Sanamu za ukumbusho wa vita hivyo, Mombasa na Nairobi, zinaonyesha askari na wapagazi. Wote ni wanaume.