Kingo Mbili za Rusizi: Historia ya Swali Moja Kuhusu Redio

Anayesimama juu ya daraja la Rusizi I huiona miji miwili kwa mtazamo mmoja. Upande huu ni Cyangugu, ambako leo ni Wilaya ya Rusizi nchini Rwanda. Upande wa pili ni Bukavu ya Kongo, na rasi zake zilizochomoza ndani ya Ziwa Kivu. Chini ya daraja, mto unaliaga ziwa na kuanza safari yake ya kwenda Tanganyika. Wachuuzi huvuka asubuhi na kurudi jioni, na lugha wanayopatania bei mara nyingi ni Kiswahili. Machoni pa mpita njia, watu wa kingo hizi mbili ni wamoja. Hata hivyo, katika miaka ya 2000 wataalamu wa saikolojia waliuliza maswali yanayokaribiana katika nchi hizi mbili, wakarudi na majibu yasiyofanana. Historia hiyo yatuhusu sisi walimu, kwani kazi yetu nayo ni kupima watu na kutoa hukumu juu yao.

Swali lenyewe lilizaliwa katika msiba. Mwezi wa Julai 1993 ilianza kusikika mjini Kigali redio iliyoitwa RTLM, yenye muziki wa kuvutia na mizaha mingi, na ndani yake sumu ya chuki dhidi ya Watutsi. Mauaji ya kimbari yalipozuka mwezi wa Aprili 1994, redio hiyo ilichochea na hata kutaja majina ya watu wa kuwindwa. Mwisho wa maafa hayo umati mkubwa wa watu ulivuka Rusizi kuingia Bukavu. Mwezi wa Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza kwa mambo ya redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Mwaka 2007 mahakama ya rufani ilitengua baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini watu hao hawakuachiliwa huru.

Mahakama ilihukumu waliosema. Mtafiti ana swali jingine: lau redio ile isingalikuwapo, ni wangapi wasingaliua? Hapo ndipo ugumu unapoanza. Kumwonyesha mtu aliyesikiliza RTLM kisha akashika panga si kuthibitisha kuwa redio ndiyo iliyomshikisha. Yawezekana aliitafuta redio ile kwa sababu chuki alikuwa nayo tangu zamani. Yawezekana pia aliamriwa na kiongozi wa kijiji chake, na redio ilikuwa ikilia tu pembeni. Dai lolote la kwamba jambo hili limezaa jambo lile halina uhalali mpaka tumeonyesha hali ingekuwaje bila ya jambo la kwanza. Kwa kuwa historia haijirudii ili tuitazame mara ya pili, hatuna budi kutafuta cha kulinganisha.

Mtaalamu Scott Straus alikwenda magerezani kuwahoji waliokiri kuua. Katika makala yake ya mwaka 2007 alieleza kuwa wengi walisema walivutwa na watu waliowajia ana kwa ana, si na sauti ya redio, na kwamba mwanzo wa mauaji haukufuata mipaka ya mawimbi ya RTLM. Huo ni ushahidi wa maana, ila una udhaifu wake: mfungwa anayeulizwa kilichomsukuma aweza kusahau, kujitetea, au asijue hata yeye mwenyewe.

Njia nyingine ilifunguliwa na milima yenyewe. Rwanda ni nchi ya vilima vingi, na mawimbi ya redio huzuiwa na kilima kama vile mwanga unavyozuiwa na ukuta. Kwa hiyo vijiji viwili vyaweza kufanana kwa hali nyingi, kimoja kikapata RTLM barabara na kingine kisipate kitu, si kwa hiari ya mtu bali kwa umbo la nchi. David Yanagizawa-Drott alitumia jambo hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, akakadiria kuwa karibu asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji yaweza kuhesabiwa kuwa matunda ya redio hiyo. Tuitafakari hesabu hii. Aliyezoea kusema kuwa redio ndiyo iliyoleta mauaji ataiona ndogo mno. Aliyesema kuwa redio ni maneno matupu ataiona kubwa ya kutisha. Kila mmoja anaondoka na dai lake limepunguzwa, na hiyo ndiyo faida ya kulinganisha.

Likabaki swali la pili, lenye matumaini: ikiwa redio iliweza kusaidia kubomoa, je, yaweza kusaidia kujenga? Mwaka 2004 shirika la Kiholanzi la La Benevolencija lilianzisha mchezo wa redio wa Kinyarwanda uitwao Musekeweya, habari za vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombana, na za vijana wawili, Shema na Batamuriza, wanaopendana juu ya ugomvi huo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, aliombwa kupima kama mchezo huo unafaa kitu.

Angalieni jinsi alivyoipanga kazi yake. Alichagua jumuiya za namna mbalimbali, zikiwamo za manusura, za Watwa na za wafungwa, akazioanisha kwa kufanana kwao. Katika kila jozi bahati nasibu iliamua ni nani atakayesikiliza Musekeweya. Mwenziwe hakuachwa mikono mitupu. Alisikilizishwa mchezo mwingine wa redio, wa mambo ya afya. Hekima ya jambo hili ni kubwa. Kama kikundi cha pili kingeachwa bila chochote, tusingejua kama mabadiliko yameletwa na maneno ya Musekeweya au na raha ya kukutana, kucheka pamoja na kutembelewa na wageni. Kwa mwaka mzima vikundi vyote vilikutana na kusikiliza kwa namna moja. Kilichotofautiana ni hadithi tu.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2009, hayakuwa kama walivyotazamia wengi. Imani za watu za moyoni zilibadilika kidogo sana. Kilichobadilika ni fikira zao juu ya lile linalokubalika katika jamii, kuhusu kuoana kwa watu wa makundi mbalimbali, kuaminiana, na kusema wazi mtu asipokubaliana na wenziwe. Matendo yao pia yalibadilika. Hapa Paluck alikuwa na hadhari ya pekee. Katika Rwanda ya baada ya 1994, suala la makabila ni zito, na mtu akiulizwa na mgeni aweza kujibu lile analodhani linatakiwa. Kwa sababu hiyo hakutosheka na maswali. Mwisho wa mwaka kila jumuiya ilipewa kinanda cha kaseti na kanda za mchezo viwe mali ya wote, naye akasikiliza jinsi watakavyoamua kuvitunza. Wale wa mchezo wa afya walielekea upesi kumkabidhi kiongozi wa mahali. Wale wa Musekeweya walibishana, wakapinga hadharani, wakatafuta njia ya kuvisimamia kwa pamoja. Mabishano hayo yalieleza mengi kuliko majibu ya karatasini.

Sasa tuvuke daraja. Mashariki mwa Kongo shirika lile lile lilitangaza mchezo wa redio kwa Kiswahili, Kumbuka Kesho. Paluck alifanya jaribio jingine la mwaka mzima, lililochapishwa mwaka 2010. Safari hii maeneo yote yalipata mchezo. Yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu yaliongezewa kipindi cha mazungumzo kilichowahimiza wasikilizaji wajadiliane wao kwa wao. Nani angetilia shaka jambo jema kama hilo? Sote tumefundishwa kuwa mazungumzo hujenga. Basi waliopata kipindi hicho walizungumza zaidi kweli. Lakini walionyesha uvumilivu mdogo zaidi, walikumbuka zaidi machungu yao, na walikuwa wazito zaidi kuwasaidia watu wa makundi wasiyoyapenda. Mazungumzo yalikuwa yamekitonesha kidonda ambacho vita vilikuwa bado havijakiacha kipone.

Hapa msomaji mwepesi ataruka kusema kuwa michezo ya redio hufaa Rwanda na hudhuru Kongo. Asiseme hivyo. Kongo, mchezo haukulinganishwa na ukimya. Uliokuwa mizanini ni ule mjadala ulioongezwa juu yake. Jaribio hujibu swali liliyoulizwa kwa ulinganisho wake, wala halijibu jingine. Aidha, ukweli uliopatikana katika nchi iliyokwisha kutoka vitani hauvuki mto wenyewe kwa wenyewe kwenda katika nchi ambamo bunduki zingali zinalia. Ni lazima upimwe tena huko.

Nasi walimu, ni mara ngapi tumeileta mbinu mpya darasani, alama zikapanda, tukaisifu mbinu, bila kuuliza kama darasa lile halikuwa bora tangu mwanzo, au kama mtihani haukuwa mwepesi zaidi? Ni mara ngapi tumeandika kuwa mwanafunzi hana akili ya lugha, kumbe karatasi yetu ilipima woga wake, au ugeni wa lahaja yake? Mtoto wa Bukavu anayesema Kiswahili cha kwao na kuandika vingine kwa kutuogopa sisi hajapimwa bado. Jina tunaloliandika kando ya alama humfuata miaka mingi, kwa hiyo si haki kuliandika kabla ya kutafuta cha kulinganisha.

Heshima ya majaribio haya mawili si kwamba yaliwapendeza wenye miradi. Lile la Kongo liliwaambia kuwa jambo walilolifanya kwa nia njema lilikuwa limeumiza, nalo likachapishwa vivyo hivyo. Mwalimu anayepanga kipimo ambacho hakiwezi kumkosoa yeye mwenyewe hajapanga kipimo, amejiandikia sifa. Tuanze muhula ujao kwa kulikumbuka hilo, tukiwa na madaftari yetu ya alama mikononi.