Nanga Iko Chini ya Maji



Ziko asubuhi tunaamka na moyo mwepesi, tukaimba kabla hatujanawa uso. Ziko nyingine twafungua Biblia, na maneno yanakuwa kama majani makavu. Ndipo twajiuliza kwa hofu: je, sisi tungali Wakristo?

Leo na tumkumbuke Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa CMS. Alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846, akiwa na umri wa miaka 26. Mwezi wa Agosti yeye na mwenzake Krapf walihamia Rabai. Siku hiyo wote wawili walikuwa na homa, na punda alikuwa mmoja tu. Hawakungoja mwili upate nguvu. Walipanda kilima wakipokezana punda.

Mwaka 1848 Rebmann aliuona Kilimanjaro na theluji yake, na baadhi ya wataalamu wa Ulaya wakakataa kumsadiki. Mwaka 1849 alikwenda tena Uchagani, akikusudia kupita mpaka Unyamwezi. Huko Machame mtawala Mamkinga alimpokonya mali aliyoichukua kwa safari, na homa nayo ikamshika. Rebmann akalia mbele ya watu, kisha akarudi Rabai, safari yake imevunjika.

Je, machozi hayo yalikuwa mwisho wa imani yake? Hasha! Krapf aliondoka Rabai mwaka 1853. Mwaka 1866 Rebmann akampoteza mkewe, Emma. Macho yake yakafifia, na waliobatizwa walikuwa wachache sana. Hata hivyo aliendelea kufundisha na kukusanya maneno ya lugha zetu. Alipoondoka mwaka 1875, hali amekuwa kipofu, alikuwa amekaa miaka 29 pasipo kurudi Ulaya. Alifariki mwaka uliofuata. Hakuyaona mavuno, lakini hata leo kanisa liko Rabai.

Ndugu zetu, sisi tulio karibu na pwani twaijua mashua iliyotia nanga. Upepo huitikisa, mawimbi huipandisha na kuishusha, lakini haichukuliwi, kwa maana kinachoishika hakionekani juu ya maji. Waraka kwa Waebrania 6:19 watuambia kwamba tumaini letu ni nanga ya namna hiyo. Furaha na huzuni zetu ni mawimbi tu. Kristo ndiye atushikaye.

Basi, ukiwa na shaka juma hili, usikae nyumbani ukingoja moyo uchangamke kwanza. Njoo kanisani na shaka yako. Mweleze Mungu, mweleze na mzee wa kanisa unayemwamini. Omba, hata kama ni maneno mawili tu. Anayelia njiani angali njiani.

Na tuombe. Ee Bwana, mioyo yetu hubadilika, bali Wewe hubadiliki. Utushike hata siku tusipokuhisi. Amina.